Mpiga Zumari Naye Atunzwe

Shangazi, shikamoo, na salamu kwa wote mnaosomewa barua hii hapo barazani. Mmetaka kujua Wamarekani wanajifurahisha vipi wakishalipa bili zao. Wako wa mpira na wako wa kuchoma nyama, lakini leo niwape habari za wale ambao Ijumaa jioni huvua jinzi, wakavaa majoho ya sufu ya Ulaya ya miaka 700 iliyopita, wakaenda kupiga mahema uwanjani na kuitana Bwana na Bibi wa miji isiyokuwapo. Chama chao kikubwa, Society for Creative Anachronism, kilianzia kwenye sherehe ya uani mjini Berkeley, California, mwaka 1966, na sasa kina falme 20. Mkutano wao mkuu, Pennsic War, hukusanya watu wapatao 10,000 kila kiangazi magharibi mwa Pennsylvania. Mfalme wao hapigiwi kura wala harithi kiti. Hupatikana kwa watu kutwangana kwa henzirani, hiyo hiyo ya mwalimu wa hesabu, iliyoviringishwa utepe wa gundi ikawa upanga. Anayebaki wima hutawala nusu mwaka hivi. Mkiona ni njia ya ajabu ya kupata kiongozi, semeni polepole, barua hupita mikononi mwa wengi.

Watu hawa wanajua kuheshimiana kuliko sisi. Aliyepigana vizuri hupewa mshipi mweupe na mkufu wa dhahabu. Aliyeshona, aliyefua chuma, aliyepika kwa kitabu cha karne ya 14, wote wana daraja zao. Hata mwanamuziki anaweza kufika daraja la juu la sanaa, ila safari yake huchukua miaka. Kasoro naiona hapo. Joho likishashonwa hukaa mezani siku nzima, wakubwa wakalipapasa mshono kwa mshono, na katika maonyesho mengi wapita njia huacha shanga kando yake kumpongeza fundi. Muziki hauna meza. Mpiga filimbi akimaliza, kazi yake imekwisha kupotea hewani, na wasikilizaji wamerudi kwenye bakuli za supu. Baada ya miaka michache ya namna hiyo hubaki nyumbani, na nafasi yake huchukuliwa na spika iliyofichwa chini ya kitambaa, ati isionekane si ya zama hizo.

Nami nasema hivi: mwanamuziki atunzwe papo hapo, na waliomsikia, kwa kitu kinachoonekana. Mzee Fundi hapo barazani atasema ninawauzia Wazungu taarabu. Sivyo. Desturi hiyo ilikuwa yao. Mwaka 1306, siku ya Pentekoste, mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alimpa mwanawe daraja la ushujaa pale Westminster, vijana wengine zaidi ya 250 nao wakapewa siku hiyo hiyo, na daftari la malipo ya wanamuziki wa karamu ile lipo hadi leo, limeandikwa nani kapewa nini. Miji kama Norwich na Exeter iliwavika wapiga zumari wake mikufu ya fedha. Sasa pimeni wenyewe: zama zenyewe mkufu ulikuwa kifuani pa mpiga zumari, wanaoziiga wameuhamishia kwa mpiga henzirani! Na kama mnadhani wafalme wale walithamini sanaa ya juu tu, yupo Roland wa karne ya 12 aliyepewa shamba huko Hemingstone, Suffolk, kwa sharti kwamba kila Krismasi aruke mara moja, apige mluzi mmoja, na ajambe mara moja mbele ya mfalme. Samahani, Shangazi, imo katika kumbukumbu za serikali.

Wapo watakaopinga kwamba hawa ni watu wa ridhaa, wanapiga kwa mapenzi, na malipo yatayachafua mapenzi hayo. Lakini mpiganaji naye yuko pale kwa mapenzi, tena anarudi nyumbani na mbavu zinauma, na mkufu haujampunguzia hamu hata chembe. Isitoshe, tunzo si mshahara. Anayeinuka katika taarabu akaenda na noti yake mbele ya mwimbaji hajamwajiri. Amesema mbele za watu kuwa ubeti ule umemfika, au umemfika jirani yake, jambo ambalo kambini kule wangelifaidi sana.

Hoja nzito zaidi ni ya spika: haikosei, haichoki, haidai chakula. Ni kweli, na kwa kusikiliza tu umelala hemani inatosha. Kwenye kucheza haitoshi. Ngoma zao nyingi zimetoka katika kitabu cha Thoinot Arbeau cha mwaka 1589, na mojawapo ni mchezo wa wafua nguo, ambamo wanawake na wanaume hutishiana vidole kwa zamu. Wageni wakichanganyikiwa, kidole kikaelekezwa kwa mke wa mtu mwingine, mpigaji aliye hai huwaona, akapunguza mwendo, akarudia kipande mpaka mstari unyooke. Spika inaendelea na safari yake.

Zipo pia hofu kwamba ukitunza kila mtu utawaalika wapigaji wabovu. Hofu hiyo haimjui msikilizaji. Ukumbi wa taarabu uliokaa kitako, noti zimebaki mikobani, ni hukumu kali kuliko kamati yoyote, na haina haja ya kikao.

Linabaki swali la ufundi, ambalo naomba wazee wa vikundi vya Unguja wanisaidie kulijibu. Mwimbaji hupokea kwa mkono. Mpiga zumari ana mdomo mmoja na mikono miwili, na vyote vina kazi, wala haipendezi kusubiri hadi amalize, maana hapo supu imeshawaita watu. Nimependekeza avae kofia ya sufu pana, na kila mtoaji aje na pini yake. Watu wa kambini wanauliza kama pini hizo zilikuwapo karne ya 14. Zilikuwapo, tena za shaba.