Kompyuta Kuungua Julai, Mbeya

Kipoza cha hewa cha prosesa kikishindwa kazi, aibu haimfikii aliyekitengeneza. Humpata mwenye kompyuta, tena mbele za watu. Aibu hiyo huongezeka kikishindwa Mbeya, mwezi Julai, asubuhi ambayo kila aliye kwenye foleni amevaa koti na anapuliza viganja. Kompyuta kuzimika kwa joto Dar es Salaam ni msiba unaoeleweka. Kuzimika kwa joto katika mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari kunahitaji maelezo, na wateja huyataka papo hapo.

Kisa cha karibuni kimetokea katika duka moja la steshenari, Mwanjelwa, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Mwenye duka alikuwa amekibandua kipoza cha zamani, kile kidogo cha aluminiamu kilichokuja na prosesa, kwa kosa la kukoroma. Mahali pake akasimamisha mnara wa mirija minne wenye feni inayowaka rangi saba, uliosafiri kwa basi kutoka Kariakoo. Mashine ikawaka. Fomu ya mwanafunzi wa kwanza ikajazwa vizuri hadi sehemu ya mdhamini, hapo kompyuta ikaanza kuburuza, kishale kikaganda, na feni ikaendelea kubadilisha rangi kwa furaha zake. Mama mmoja aliyefuata kopi ya cheti aliitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, taa zinacheza, kompyuta yenyewe imelala." Skrini ikawa nyeusi. Ikawashwa tena, ikazima palepale kwa mdhamini. Foleni ikahamia duka la jirani, ambalo kompyuta yake ina kipoza kilekile cha kizamani, kinachokoroma.

Fundi aliyeitwa hakufungua hata begi lake. Aliweka kidole kwenye mapezi ya mnara, akakuta vuguvugu, akacheka. Mapezi ya vuguvugu juu ya prosesa inayoungua ni ushahidi unaotosha, na inafaa kueleza kwa nini.

Joto huzaliwa ndani ya kipande cha silikoni, likapita kwenye kifuniko cha chuma, likavuka pesti, likaingia kwenye kitako cha kipoza, likapanda kwa mirija hadi kwenye mapezi, na hapo feni hulisukumia hewani. Adui wa safari hiyo ni hewa iliyonaswa njiani. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia. Pesti haifikii shaba hata kidogo, lakini ni bora kuliko hewa zaidi ya mara 100, na kazi yake ni kujaza mikwaruzo midogo ambayo macho hayaioni. Kitako kikikosa kugusa sawasawa, joto hukwama chini. Prosesa nyingi za Intel hufika kikomo karibu digrii 100. Zikikikaribia, hupunguza kasi zenyewe ili zijiokoe. Kasi ikishuka, joto linalozalishwa hushuka pia, na ndiyo maana mapezi hayakuwa ya moto. Juhudi hiyo ikishindikana, kompyuta hujizima.

Kitako cha mnara wa Mwanjelwa kilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni karatasi ya plastiki inayokilinda kisikwaruzwe dukani, ambayo ilikuwa bado imebandikwa, pamoja na onyo lake la kuitoa, lililoandikwa Kiingereza na Kichina kwa herufi za kumtesa mwenye miwani. La pili ni miguu. Intel ilileta miguu ya plastiki ya kubonyeza pamoja na soketi ya LGA 775, mwaka 2004, na tangu hapo miguu hiyo imedhalilisha watu wengi kuliko virusi. Kila mguu una kichwa chenye mshale. Mtu mwenye akili timamu huubonyeza mguu mpaka ulie, kisha hugeuza kichwa kufuata mshale ili akaze, kama afanyavyo kwa skrubu. Mshale ule unaonyesha njia ya kufungua. Kwa hiyo kadiri mtu anavyokuwa makini, ndivyo anavyokilegeza kipoza chake. Miguu miwili kati ya minne ilikuwa imeachia kwa utaratibu huo, na mnara ulikuwa umeegemea prosesa upande mmoja tu.

Mirija nayo inastahili heshima kuliko inayopewa. Wazo lake lilisajiliwa Marekani na Richard Gaugler wa General Motors miaka ya 1940, likasahaulika, kisha George Grover akalifufua Los Alamos mwaka 1963. Mrija unaonekana kama fimbo ya shaba, lakini ndani ni mtupu: una maji kidogo sana, hewa imenyonywa, na ukuta wa ndani una utambi wa unga wa shaba au wa mifereji midogo. Maji huchemka upande wa prosesa, mvuke hukimbilia upande wa mapezi, hupoa, hurudi kuwa maji, na utambi huyarudisha chini. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka. Anayejua jinsi maharage yanavyochelewa kuiva Mbeya, ambako maji huchemka karibu digrii 94, anaweza kuhofia kwamba mwinuko unaivuruga na mirija. Hauivurugi. Mrija umezibwa, shinikizo lake ni la ndani, na maji yake huchemka kwenye joto la kiganja, Mbeya au Tanga.

Mwinuko unaigusa feni. Feni husukuma ujazo uleule wa hewa popote ilipo, lakini Mbeya shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, na Iringa, iliyo chini kidogo, haipishani nayo sana. Kila mzunguko wa feni hubeba hewa nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto dogo. Watengenezaji wa seva wanalijua hilo: kwa kawaida hushusha kiwango cha juu cha joto la chumba kwa takriban digrii 1 kwa kila mita 300 za mwinuko wa ziada. Nyanda za Juu zinalipa deni hilo kwa baridi yake. Tuseme prosesa ya wati 65 hupanda digrii 39 juu ya joto la chumba Dar es Salaam. Chumba kikiwa na digrii 31, prosesa itasoma 70. Kipoza hichohicho kikipelekwa Mbeya kinaweza kupandisha digrii 43 kwa sababu ya wepesi wa hewa, lakini chumba kikiwa na digrii 18, prosesa itasoma 61. Kipoza kimefanya kazi vibaya zaidi, na mwenye duka atajisifu kwamba chake ni bora.

Hapo ndipo ulinganishaji mwingi wa vipoza unapoharibika. Namba yenye maana ni digrii zilizopanda juu ya joto la chumba, kugawanywa kwa wati. Digrii 39 kwa wati 65 ni 0.6, na kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo kipoza kinavyokuwa kizuri. Feni nazo zipimwe zikiwa na kelele sawa, kwa kuwa karibu kipoza chochote hupendeza feni ikizungushwa mpaka majirani waulize. Kwa kipimo hicho minara mikubwa hushinda kwa haki. Noctua NH-D15 ya mwaka 2014, kwa mfano, ina minara miwili, feni mbili za milimita 140, urefu wa milimita 165 na uzito wa kilo 1.32. Ushindi wake huonekana kwenye prosesa za wati 150 na kuendelea. Kwenye kompyuta ya ofisi inayochapa barua, faida yake kubwa ni ukimya.

Boksi la mnara wa Mwanjelwa liliandikwa "hadi wati 200". Halikutaja joto la chumba, kelele, wala aina ya prosesa, na ndani hamkuwa na mstari mmoja wa Kiswahili. Risiti ilikuwa wazi zaidi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtu wa Mbeya hulipia kipoza, nauli ya basi, fundi, na wateja waliohama, halafu huambiwa hakusoma maelezo. Kuuza taa za rangi kwa bei ya shaba, bila karatasi ya maelezo anayoweza kuisoma mnunuzi, ni ulaghai mdogo unaorudiwa kila siku, na kuchekewa hakuupunguzi.

Mikasa mingine ni mifupi. Iringa, maeneo ya Miyomboni, mnara ulizidi upana wa keisi, mfuniko ukaachwa wazi, na mjusi akahamia ndani kufuata joto. Kihesa, vumbi la kiangazi liliziba mapezi mpaka feni ikawa mapambo. Deskitopu moja iliyosafirishwa kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 300, ilihesabu matuta yote ya Mafinga na Makambako kwa kipoza kizito kilichoning'inia kwenye mazabodi, ikafika na kipoza chini.

Kwa prosesa ya wati 65, Mbeya au Iringa, kipoza kilichokuja nayo kinatosha, ilimradi kipulizwe vumbi na pesti ibadilishwe ikikauka, ya zamani ikiwa imefutwa kwa spiriti. Mnara wa mirija minne unamfaa mwenye prosesa ya wati 100 na zaidi, au asiyevumilia kelele. Kipoza kizito kifunguliwe kabla ya safari. Na muuzaji anayetaja digrii bila kutaja joto la chumba aulizwe kwanza alipimia wapi.