Namna ya Kusaka Uzamili wa Elimu Bila Kuwachosha Walimu Bure

Kabla hujajaza fomu yoyote, nenda maktaba ya chuo, simama mbele ya rafu ya tasnifu za elimu, usome migongo yake. "Mambo Yanayoathiri Ufaulu wa Wanafunzi katika Shule za Sekondari za Kata: Uchunguzi Kifani wa Wilaya Fulani." Sogea kidogo: mambo ni yaleyale, wilaya nyingine. Sogea tena. Ukifika mwisho wa rafu umeshaizunguka nchi nzima bila kupanda basi, na kila ulikopita umekuta walimu hawatoshi, vitabu havitoshi, shule iko mbali na wazazi hawana mwamko. Ukitaka kuiongeza wilaya yako kwenye safari hiyo, hakuna atakayekuzuia. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuandika kitu ambacho mwalimu wa Kidato cha Kwanza angekikopa akasome nyumbani.

Acha kutafuta mada, tafuta swali. Mada hupatikana popote, hata kwenye daladala. Swali linakaa darasani, na waombaji wengi wa shahada hii wametoka humo humo, mikono bado ina chaki. Wewe uliyefundisha Biolojia unamjua yule kijana anayekueleza kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, hatua kwa hatua, na ukimpa karatasi ya mtihani wa Kiingereza anaandika jina lake na kuishia hapo. Profesa wako pengine hajamwona kijana huyo kwa miaka mingi. Basi muulizie huyo: anaponakili maelezo ya ubaoni, anaelewa sehemu gani, na ile asiyoielewa huenda kumwuliza nani? Hilo ni swali dogo, lina mipaka, na jibu lake halijulikani kabla ya kwenda. Ukilijua jibu kabla ya kwenda, kaa nyumbani, uokoe nauli.

Kuhusu njia, vyuo vingi vinakupa mbili: masomo ya darasani yanayofuatwa na tasnifu fupi, au utafiti mtupu tangu siku ya kwanza. Hiyo ya pili ina heshima kubwa na haina ratiba, kwa hiyo hakuna kengele itakayokuamsha. Ichague kama umezoea kujiamsha.

Sasa mapitio ya maandiko, na hapa nakuomba tukae kidogo. Sentensi inayopendwa kuliko zote katika tasnifu zetu ni ile inayosema hakuna utafiti uliowahi kufanywa kuhusu jambo hili katika wilaya hii. Ni kweli, na haina maana. Hakuna aliyewahi kupima kama maji huchemka katika wilaya hiyo pia. Chukua lile swali letu la lugha. Tume ya Rais ya Elimu nchini Tanzania, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilitoa ripoti mwaka 1982 na kupendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari mwaka 1985. Haikutokea hivyo. Mwaka 1984 wakaja Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi, wakakuta wengi wa sekondari hawana uwezo wa kufuata masomo kwa lugha hiyo. Hata hivyo wakashauri Kiingereza kiendelee. Mwaka 1990 Casmir Rubagumya akahariri kitabu kizima kuhusu lugha katika elimu ya Tanzania. Mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro wakaandika kingine, wakaiita hali yenyewe janga.

Mtu aliyeyasoma hayo hawezi tena kuandika kwamba hakuna aliyetafiti. Anagundua kitu kizito zaidi: yametafitiwa kwa zaidi ya miaka 40, matokeo yanafanana, na bado kijana yule anaandika jina lake na kuishia hapo. Kwa hiyo pengo si kwamba haijulikani kama anapata shida. Pengo liko kwenye yale yanayofanyika ndani ya kipindi cha dakika 40 wakati sera inasema hivi na mwalimu anafanya vile. Swali lako limekomaa, na umekomaa nalo. Ndiyo maana sura ya pili, yaani hayo mapitio, isiandikwe usiku wa manane kwa kuruka kutoka muhtasari mmoja kwenda mwingine. Soma vitabu vyenyewe. Bibi au bwana wa maktaba atafurahi kumwona mtu anayeomba kitu cha mwaka 1984.

Nadharia iteue kama unavyomwajiri mtu. Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa ujifunzaji, alifariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37, lakini kila muhula anaitwa kwenye mamia ya kurasa, anapewa aya nne katika sura ya pili, kisha haonekani tena mpaka kwenye orodha ya marejeo. Ukimwita, mpe kazi katika sura ya nne, ya matokeo: aeleze kwa nini mwanafunzi aliyekwama anaendelea akisaidiwa na jirani yake wa dawati. Kama hana kazi, mwache apumzike.

Vibali vina ngazi zake, na kuzijua ni nusu ya utafiti. Kwa Tanzania, barua inatoka chuoni, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inapita kwa Afisa Elimu, ndipo ifike kwa mkuu wa shule. Kenya utaanza na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha kaunti. Beba nakala za kutosha, na msalimie vizuri katibu muhtasi katika kila ofisi, maana ndiye anayejua barua yako iko kwenye jalada lipi. Muhimu kuliko vyote, hesabu nyuma kutoka kwenye kalenda ya shule. Darasa la Saba hufanya mtihani Septemba, Kidato cha Nne Novemba, na Juni na Desemba shule zimefungwa. Mtafiti anayepata muhuri wa mwisho katikati ya Oktoba anafika shuleni na bahasha zake na kukuta walimu wanasimamia mitihani, madarasa yamefungwa, na mlinzi ndiye mwenye nafasi ya kuhojiwa.

Ukifika shuleni, kumbuka umefika nyumbani kwa watu. Mkuu wa shule atakupokea, atasoma barua yako, kisha atasema, "Karibu, mwalimu. Wenzako walikuja hapa mwaka jana, wakachukua majibu yetu, mpaka leo hatujasikia lolote." Usijitetee na usicheke. Mwambie utarudi, kisha andika ahadi hiyo kwenye daftari.

Halafu itazame hojaji yako kwa jicho la anayeijaza. Ana vipindi vingi kwa wiki, ana madaftari 70 mezani, na wewe umempa kurasa nane za "nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa." Rensis Likert alitupa kipimo hicho mwaka 1932, na kinafaa kikitumiwa kwa adabu. Ukimwuliza mwalimu kama upungufu wa vitabu unaathiri ufundishaji, atakubali sana. Wote 133 watakubali sana. Utatengeneza jedwali, utatengeneza chati ya duara yenye rangi moja, na hutakuwa umejua kitu ambacho hukukijua ukiwa kwenye basi. Uliza badala yake: jana, katika kipindi cha tatu, vitabu vilikuwa vingapi na wanafunzi wangapi, na ulifanyaje? Hapo mwalimu ataweka kalamu chini na kuanza kusimulia. Msikilize. Kurasa nzuri za tasnifu yako zinatoka hapo, na uziandike kwanza kwa Kiswahili kilekile alichosema, uzichambue hivyo, kabla ya kuanza kutafuta Kiingereza chake.

Hiyo 133, mtu akuulize, imetoka kwenye kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli: tuseme walimu wote ni 200, ugawe 200 kwa 1 jumlisha 200 mara kipeo cha pili cha 0.05, unapata 133 na kitu. Hesabu ni safi. Ila imejengwa juu ya dhana kwamba kila mwalimu kati ya wale 200 ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukishapata 133 kisha ukawachukua walimu wa shule nne zilizo karibu na kituo cha mabasi, kanuni haina la kukusaidia. Kama swali lako linahitaji watu 12 waliosikilizwa vizuri, chukua 12 na ueleze kwa nini. Mtahini mwenye elimu yake hataogopa udogo wa namba. Ataogopa namba isiyokuwa na sababu.

Takwimu zichambue mwenyewe. Jirani na kila chuo kuna kijana wa steshenari mwenye kompyuta na SPSS, programu ya takwimu, ambaye kwa malipo atakuletea majedwali 30 usiku mmoja. Yanapendeza, yana nyota nyota. Siku ya utetezi mtahini atauliza swali moja tu la upole: "Kwa nini ulitumia jaribio hili na si lile?" Kijana wa steshenari hatakuwa chumbani. Ikiwa mtu mwingine ameandika tasnifu yenyewe, basi shahada ni yake, na umempa mwalimu wa shule fulani, na wanafunzi wake, kiongozi wa elimu asiyeweza kusoma ripoti ya elimu. Hilo linaniuma kuliko makosa mengine yote niliyoyataja.

Msimamizi ana wanafunzi wengi, ana vipindi, ana vikao. Mpelekee sura moja moja, iwe na tarehe juu, na baada ya kila kikao mwandikie aya fupi ya mliyokubaliana. Akichelewa, mkumbushe kwa heshima: "Shikamoo Profesa, ni kuhusu ile sura ya tatu." Akirudisha kazi imejaa wino mwekundu, shukuru. Msimamizi wa kumwogopa ni yule anayesema "endelea tu" bila kufungua.

Sura ya tano ina mtego wake. Mapendekezo ya wengi yanaanza na serikali iongeze bajeti, yanaendelea na serikali iajiri walimu, yanamalizia na utafiti zaidi ufanyike. Serikali inaambiwa hivyo kila mwaka na tasnifu zote. Andika pendekezo moja ambalo mwalimu wa somo anaweza kulianza Jumatatu bila kuomba kibali wala fedha: kwa mfano, wanafunzi wajadili kwa Kiswahili kwa dakika kumi kabla ya kuandika kwa Kiingereza, ikiwa ndilo ulilolikuta likifanya kazi. Likiwemo hilo, hayo ya bajeti nayo yatasomwa.

Utetezi hautachukua muda mrefu. Vaa vizuri, jibu ulichoulizwa, kiri mipaka ya utafiti wako kabla hujabanwa nayo.

Kisha fungua lile daftari la ahadi. Andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi: uliuliza nini, walimu walisema nini, umeona nini. Chapisha nakala za kila shule uliyoingia, umpelekee mkuu wa shule mkononi, uombe nusu saa katika kikao cha walimu. Fanya hivyo kabla ya mahafali. Ukishavaa joho utapandishwa cheo, utahamishwa, na hutarudi.