Sifa za Tope la Dar es Salaam

Mvua imesifiwa mno, na mkulima ana haki ya kuisifu. Tope, mtoto wake wa mjini, halina mtetezi. Linatukanwa ndani ya daladala, linakung'utwa vizingitini, linabebeshwa lawama za viatu vilivyoharibika na harusi zilizochelewa. Hata hivyo, mtu anayefikiria kuhamia Dar es Salaam, akaja kwanza kuuangalia mji kabla hajafunga mizigo, hatapata mwenyeji wa kulizidi. Ndugu zake watamficha mambo kwa upendo, dalali atamficha kwa maslahi. Tope halina nyumba ya kupangisha.

Tatizo ni kwamba wengi huja kuupima mji kati ya Juni na Agosti, joto limepungua, upepo wa kusi unavuma na njia za mitaani zimekauka. Miezi hiyo kila mtaa unapendeza. Chumba cha bondeni Kigogo na cha mlimani Kimara vinafanana kwa kila kitu, na kile cha bondeni kikiwa na kodi nafuu dalali humwambia mteja kuwa ana bahati. Mkataba unasainiwa, dalali anachukua kodi yake ya mwezi mmoja, mwenye nyumba anachukua ya miezi sita mbele. Masika yakifika, Machi hadi Mei, ndipo mpangaji anapong'amua bahati ile ilikuwa ya nani.

Tope lingemweleza mapema, tena bure. Mto Msimbazi unateremka kutoka milima ya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unatandaa Jangwani na kumwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Ukijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, hukoma ng'ambo. Magomeni na Kariakoo, majirani wa dakika chache, zinakuwa miji miwili. Mgeni aliyepiga hesabu ya nauli na muda wa kwenda kazini mwezi wa Julai alikuwa akipiga hesabu ya mji mwingine.

Ndani ya mitaa, tope huandika kwa herufi ndogo zaidi. Kuna mstari wa kahawia ukutani, umepakwa chokaa mara mbili na bado unachungulia. Kizingiti kimeinuliwa kwa tofali mbili, viroba vya mchanga vimepangwa ubavuni mwa mlango, na chumbani friji imesimama juu ya matofali kama bibi harusi kwenye jukwaa. Vijana wametandika mbao juu ya dimbwi na wanatoza sarafu kwa kila anayevuka. Ustadi wao unaonyesha kuwa biashara hiyo haikuanza leo. Na pua nayo ina ushahidi wake, kwa kuwa wapo wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe vyoo. Wala tope halibagui, maana Mikocheni, penye mageti na walinzi, magari ya bei mbaya hukwama nalo vilevile.

Atatokea wa kusema kuwa huku ni kuhukumu mji kwa siku zake mbaya. Ni kweli, na ndivyo inavyopasa, kwani siku nzuri za mji hazihitaji uchunguzi. Mwingine atasema tope huleta kipindupindu na mbu, kwa hiyo kulisifu ni kukosa adabu. Hapa mtetezi anakubali nusu ya shtaka tu: kinyesi hakikuzaliwa na tope, na mtaro halikuuziba lenyewe kwa mifuko na chupa. Limekutwa na mzigo wa watu, likautoa hadharani.

Hoja nzito ni ya tatu: maskini hana nafasi ya kuchagua, sasa ukweli wa tope utamfaa nini? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na serikali ikawagawia waathirika viwanja Mabwepande, mbali kabisa kaskazini mwa jiji. Wapo waliorudi bondeni. Ni rahisi kuwaita wakaidi, lakini mchuuzi wa Kariakoo ambaye angelipa nauli ya Mabwepande kila siku anajua anachokifanya: amepima tope na nauli, akaona tope lina nafuu. Huo ni uamuzi mchungu, ila umefanywa macho wazi. Mgeni wa Agosti analipa bei ileile bila kujua kuwa kuna kilichopimwa. (Kwamba mji wa watu zaidi ya milioni 5 unawaachia wakazi wake mzani wa namna hiyo ni aibu, na aibu hiyo nayo si ya tope.)

Basi mgeni na aje Aprili, siku ya pili baada ya mvua kubwa, wakati maji yenye pa kwenda yameshakwenda na yasiyo na pa kwenda yamebaki. Avae ndala, akunje suruali, aulize bei ya bodaboda mpaka mlangoni na si mpaka barabarani. Ajaribu kuomba apunguziwe kodi akiwa amesimama palepale kwenye dimbwi. Na dalali akipiga simu kusema leo ana udhuru, waonane wiki ijayo jua likishatoka, nyumba hiyo ameshaonyeshwa.