Sifa za Mstari wa MX

Wanaoisifu Malindi huusifu mnara wa Vasco da Gama, na wanaoisifu Watamu huisifu bahari. Kazi rahisi hiyo. Bahari hujisifu yenyewe. Mimi nasimama kuzisifu rekodi za DNS, mistari michache isiyopigwa picha na mtalii yeyote, inayoiambia dunia tovuti ya hoteli iko kwenye seva ipi na barua pepe zake zishushwe wapi.

Kwanza, adabu yake. Bwawa la kuogelea likivuja, hoteli nzima inajua kabla ya chai ya saa nne. Rekodi ya MX, ule mstari wa kupokelea barua pepe, ikikosewa, haimsumbui mtu. Mwenye hoteli ameihamishia tovuti kwenye seva za muuzaji wa bei nafuu, picha za machweo zinang'aa kuliko jana, na hakuna aliyekumbuka kuihamisha mistari ya barua. Maombi ya vyumba kutoka Milano yanafika kwenye seva mpya, isiyomjua mfanyakazi hata mmoja wa hoteli, na yanarudishwa yalikotoka. Ofisini kimya. Na kwa kuwa ni Mei, masika yamekolea, majirani wengi wamefunga, kimya hicho kinaitwa msimu. Nionyesheni tatizo jingine lenye staha ya kujibanza nyuma ya mvua.

Tena DNS inatutetea sisi watu wa pwani, tunaotukanwa uvivu kila mwaka. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, na tangu hapo neno likitoka Kilifi linafika Ulaya jicho halijapepesa. Lakini badilisha rekodi iliyoandikiwa TTL, yaani muda wa kuhifadhiwa, ya sekunde 86400 uone. Seva zilizokwisha kulihifadhi jibu la zamani zina haki ya kulikalia sekunde hizo zote, yaani siku nzima, na hakuna mkubwa wa kupigiwa simu aziharakishe. Pole pole imo ndani ya kanuni, na aliyeiandika hakuwa mtu wa Kilifi: ni Paul Mockapetris, California, 1983. Wapo mafundi wanaoishusha TTL hadi 300 siku moja kabla ya kuhama, mambo yakaisha kwa dakika tano. Hao ni maadui wa mapumziko.

Haki pia inaijua. Kwenye MX, mwenye namba ndogo ndiye anayehudumiwa mbele: 10 kabla ya 20. Sijaona ofisi nyingine, kutoka Mtwapa hadi Marafa, ambamo mdogo anatangulia.

Na SPF, ule mstari wa TXT unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lako? Haikubali mke mwenza. Domeni moja, SPF moja. Ukiongeza ya pili kwa ajili ya programu ya matangazo, zote mbili zinagoma, na salamu zako za Krismasi zinalala kwenye spamu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekuwa wakali zaidi kwa wanaotuma barua bila mistari hiyo. Hoteli zilizoishi miaka bila kuijua SPF zikaanza kuitaja mapokezi kama mgeni wa heshima.

Lakini sifa yake kubwa ni kuunga undugu. Domeni za hoteli nyingi ndogo zilisajiliwa na mpwa fulani, enzi alipokuwa chuo, kwa jina lake na nywila yake. Sasa yuko Doha. Harusi zimepita, matanga yamepita, hakuna aliyemtafuta. MX ikiharibika, saa hiyo hiyo namba yake inapatikana.

"Shikamoo mjomba! Hamjambo huko?"

"Marahaba mwanangu, hatujambo. Tumekukumbuka sana. Ile nywila ya domeni unayo?"

"Ah, mjomba, ilikuwa kwenye simu iliyotumbukia mto Sabaki. Lakini usijali. Ingia pale kwenye tovuti ya msajili, bonyeza palipoandikwa umesahau nywila, watakutumia kiungo cha kuibadilisha."

"Watanitumia wapi?"

"Kwenye barua pepe ya hoteli."