Namna ya Kumfunga Paka Kengele Gizani

Kwanza, uwe na neno la kweli la kusema katika barua yako ya kumshtaki mkubwa bila kujitaja. Hesabu za humu humficha msemaji. Uongo haziugeuzi kuwa ukweli.

Sasa tafuta wenzako kumi, wala usiwaombe ruhusa. Huo ndio uzuri wa saini ya pete, saini ya kidijitali waliyoibuni Rivest, Shamir na Tauman mwaka 2001. Tuseme wahasibu wote wa ofisi yenu wana funguo mbili mbili: wa siri, ambao kila mtu anaulinda, na wa umma, ulio wazi kwa yeyote. Chukua za umma za wote, uweke na wako. Kwa kila mwenzako okota namba ya kubahatisha, uipitishe kwenye ufunguo wake, kisha uunge jibu lake na la anayefuata, kama anayetunga shanga. Ukifika zamu yako, uzi haukutani. Hapo ufunguo wako wa siri ndio utakaoipata ile namba moja ya kufunga duara. Asiye na ufunguo wa siri hata mmoja wa pete hiyo hawezi kulifunga.

Mkaguzi atazipitia shanga zote, aone zimefungika, lakini fundo hataliona. Atajua aliyesaini ni mmoja wa wahasibu kumi na mmoja. Yupi? Hata akinyang'anya funguo zote za siri, hatapata jibu. Mabaharia wa zamani walisaini malalamiko kwa duara ili nahodha asijue nani kaanza, ila majina yao wote aliyasoma. Wewe umewapita.

Usiichanganye na saini ya kundi ya Chaum na van Heyst, ya mwaka 1991. Ile inaweza kufunuliwa na mwenye mamlaka, na inafaa panapohitajika mkosaji apatikane. Ikiwa mwenye mamlaka hayo ni bosi unayemshtaki, weka kalamu chini.

Linalonitia hofu zaidi ni uchaguzi wa wenzako. Mhasibu aliyejichanganya na madereva kumi, akafichua siri ya daftari la hesabu, amejitaja mwenyewe. Halafu isome barua yako kwa sauti. Kama ofisi nzima ni wewe tu unayeandika "kwa mnasaba huo", yafute maneno hayo. Na usiitume kwa kompyuta ya ofisi.