Ticha Mpya wa Chekechea

Mwalimu mpya katika shule zetu hizi za ada nene na mabasi ya njano hupokewa na agizo moja: Kiswahili kinaishia getini. Haya, mbele yake kuna watoto wa miaka minne, nusu wananyonya vidole, mmoja anamlilia mama yake. Mbembeleze kwa Kiingereza, tukuone. Mtoto huyo akisemeshwa asichokijua huongeza sauti, na wenzake humuunga mkono.

Katikati ya muhula darasa limeshaiva. Ukiuliza "Hau a yu?" unajibiwa kwa wimbo, "Ai emu faini, senkyu ticha," hata na yule mwenye homa, kamasi mpaka mdomoni. Ruhusa ya kwenda msalani nayo ina sentensi yake, ndefu, ya adabu, na haitolewi mpaka imalizike yote. Ndiyo maana dekio halikauki pale mlangoni. (Sabuni analipia mzazi, angalia fomu ya mahitaji.)

Mzazi mwenyewe haulizi mwanawe ameelewa nini. Anataka wageni wakija sebuleni, mtoto ataje rangi. Mwalimu akithubutu kufafanua jambo kwa Kiswahili, likaeleweka, anaitwa ofisini.

Ofisini anakuta na kazi ya ziada. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kwamba 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na shule haitaki kupitwa. Aandae ngonjera, watoto waighani kabla shule hazijafungwa. Barua ya kuwaalika wazazi iko tayari, imeandikwa kwa Kiingereza.