Buibui la Zambarau

Kamera yenyewe ni Leica M8, toleo lililoingia sokoni mwaka 2006, na mzee anayeiuza anataka laki moja na nusu. Kwa fedha hizo hapa Mombasa unapata pikipiki ya mtumba inayowaka, ukamkabidhi kijana, na jioni ile ile akaanza kukuletea hesabu. Kamera hii haileti hesabu. Ina pikseli milioni 10.3, na simu iliyo mfukoni mwangu inajigamba kuwa na milioni 50. Kioo chake cha nyuma ni cha inchi mbili na nusu, kimekwaruzika hivi kwamba ukitazama picha ya mtu hujui anacheka au anaumwa na jino. Kwenye kona weusi umebanduka, shaba ya manjano inachungulia.

"Huo si uchakavu, mwanangu," mzee aliniambia akiisugua kwa ncha ya shuka. "Hiyo imefanya kazi."

Namna ilivyofika Mombasa hubadilika kila nikienda kuitazama. Mwanzo ilikuwa ya Mjerumani mwenye hoteli Diani. Baadaye Mjerumani akageuka daktari. Mara ya mwisho alikuwa nahodha. Asiyebadilika ni mteja wa Malindi, ambaye yuko njiani na fedha taslimu tangu kabla ya Ramadhani, na ambaye mimi, kwa uzoefu wangu wa wauzaji wa pwani, nilimwona kuwa ni jini la biashara tu.

Wenye akili zao huniuliza kwa nini nihangaike. Hii ni renjifainda. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kilichoko juu pembeni, na katikati yake pana kibaka chenye mwanga ambamo kila kitu huonekana mara mbili. Unazungusha lenzi taratibu mpaka mtu na pacha wake wakutane wawe mmoja, ndipo unabonyeza. Hakuna mashine inayokuonea huruma. Mwenye simu ameshapiga, ameshatuma kwenye kundi la ukoo na ameshapongezwa, na wewe bado unamsubiri binamu yako akutane na nafsi yake.

Lakini hapo ndipo penye utamu, na mgonjwa wa utamu huo haponi kwa nasaha. Kifungio cha lenzi kilichowekwa kwenye Leica M3 mwaka 1954 ndicho hicho hicho kilichoko kwenye M8. Maana yake lenzi iliyotengenezwa wakati pwani hii bado ni ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, na ya Mwingereza kwa kila kitu kingine, inaingia kwenye kamera ya dijitali bila ugomvi. Leica hawakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Epson, hao hao wa printa, walitangulia mwaka 2004 na R-D1, ambayo baada ya kila picha lazima uvute wenzo kwa kidole gumba ili kukaza shata, ilhali ndani hamna filamu hata kipande. Ningeiona ikiuzwa, sasa hivi ningekuwa naandika insha nyingine.

Mzee aliniazima kamera mwisho wa wiki mmoja, akabaki na kitambulisho changu. Ilikuja na lenzi moja, Jupiter-8 ya milimita 50, ya Umoja wa Kisovieti, iliyofungwa kwa ringi ya kuunganishia: mwili wa Mjerumani, jicho la Mrusi. Ndani ya kijaluba cha ngozi mlikuwa na filta mbili mpya kabisa. Nilimuuliza za nini. "Zawadi ya kiwanda," akasema, na hakusema zaidi.

Filta hizo zipo kwa sababu. M8 ilipotoka, wanunuzi waligundua kwamba nguo nyeusi, hasa zile za nyuzi za viwandani, zinatoka zambarau. Wahandisi walikuwa wameweka mbele ya kihisi kioo chembamba mno cha kuzuia miale ya infraredi, makusudi, ili picha zibaki kali mpaka pembeni, maana kwenye kamera hizi lenzi hukaa karibu sana na kihisi na mwanga huingia kwa kulala. Miale ambayo jicho la mwanadamu haliioni ikapenya, na vitambaa vingi vyeusi huirudisha kwa wingi. Leica walikiri, wakampa kila mnunuzi filta mbili bure za kufunga mbele ya lenzi. Tiba nzuri kabisa. Ila filta za mzee ni za milimita 39, na mdomo wa Jupiter-8 ni wa 40.5.

Mwisho wa wiki huo tulikuwa na harusi.

Nadhani umeshaona tunakoelekea. Fikiria ni mji gani duniani ambako Leica M8 isiyo na filta haipaswi kukanyaga, kisha ongeza mashangazi watano waliopanga mstari mbele ya nyumba wakingoja gari. Kihisi cha M8 ni kidogo kuliko filamu, kwa hiyo lenzi ya 50 hubana picha ikawa karibu ya 67, na ili mashangazi wote waingie ilibidi nirudi kinyumenyume mpaka barabarani, tuktuk zikinipigia honi. Nikalinganisha mapacha kwenye kibaka, nikabonyeza. Shata ya M8 haina siri: inalia klak, kisha mota inajikaza kwa mlio wa kuchana kitambaa. Mashangazi wakaridhika. Kitu chenye kelele namna ile lazima kiwe kinafanya kazi.

Jioni nilifungua picha kwenye kompyuta. Walikuwa safu ya mabiringanya.

Wote isipokuwa mmoja, na hapo ndipo balaa lilipokaa. Shangazi yangu mkubwa alikuwa na buibui alilonunua Dubai, ambalo bei yake tumeisikia tangu alipolinunua. Ubavuni mwake alisimama wifi yake, mwenye buibui la Biashara Street, la bei ya kuelewana. La Dubai limetoka zambarau iliyokolea. La Biashara Street limebaki jeusi tii. Sikutuma picha ile popote, lakini mpwa wangu alipita nyuma yangu na simu yake, na kabla ya isha ukoo mzima ulikuwa nayo.

"Mwanangu," shangazi aliniambia kwa simu, sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, "nani amekutuma?"

Nikamweleza habari za infraredi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: kwa hiyo mashine ya Mzungu inasema nguo yangu ni ya nailoni? Nikasema hapana, inategemea pia rangi iliyotiwa kitambaa. Akaniambia nisimletee sayansi. Nikaigeuza picha ikawa nyeusi na nyeupe, na hapa M8 lazima isifiwe: uwezo ule ule wa kuona kisichoonekana unaipa ngozi nuru na majani ya mwarobaini weupe wa ajabu. Nikamtumia. Akajibu kwamba picha za namna hiyo hubandikwa ukutani mtu akishafariki.

Mengine ya siku hiyo nayapitia haraka. Betri iliisha katikati ya nikahi. Kubadilisha betri au kadi kwenye M8 huna budi kufungua kitako chote, kinatoka kizima, na mwenye mikono miwili pekee hukiweka mahali pamoja tu. Basi nilikuwa nimekiuma kwa meno pale baba wa bibi harusi aliponigeukia na kusema asalam aleikum. Kuitikia ni wajibu. Niliitikia kwa nyusi, na sina hakika kama imehesabiwa. Baadaye binamu yangu aliomba ajaribu, akapiga kuingia kwa bwana harusi kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiti, kifuniko kikiwa juu ya lenzi. Kidirishani kila kitu kilionekana safi, kwani kidirisha hakina habari na lenzi. Ndizo picha pekee za siku ile ambazo nyeusi yote ilitoka nyeusi.

Sasa mtu timamu angerudisha kamera Jumatatu na kuchukua kitambulisho chake. Nami nililifikiria. Nilifikiria hata kuongeza fedha nitafute M9, iliyotangazwa tarehe 9 Septemba 2009, yenye kihisi kikubwa sawa na filamu na isiyo na ukorofi huu wa rangi. Lakini M9 ina ugonjwa wa siri. Kioo kinachofunika kihisi huanza kuliwa na kutu polepole, bila dalili, mpaka siku unapiga anga la Kilindini unakuta madoadoa ambayo si ndege. Kiwanda kilibadilisha vihisi hivyo bure kwa miaka kadhaa, kisha vihisi vipya vikamalizika. M9 ya mtumba inaweza kukuchekea dukani na kuanza kuugua ukishafika nayo nyumbani. M8 imeshafanya aibu yake yote hadharani, mbele ya mashangazi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sidhani walikuwa wanazungumzia vihisi, lakini ushauri unafaa.

Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda kubishana bei nikiwa na hoja zangu zote: kioo, kitako, filta, mashangazi. Nililaza rula mezani, nikalenga namba 15, picha ikatoka kali kwenye 17. Mzee akatazama, akasema basi niwe nalenga 13.

Tulimalizana kwa laki moja na elfu tano. Jicho la Mrusi alibaki nalo. Hilo haliuzwi, alipewa kwa mkono na yule nahodha, au daktari. Nikatoka na mwili mtupu wa kamera, mkanda wa ngozi uliokatika upande mmoja, na filta mbili za milimita 39 zisizo na pa kuvaliwa. Mzee akaniandikia namba ya mtu mwenye lenzi ya Leica ya milimita 35, yenye mdomo wa 39 kamili. Nikapiga nikiwa bado kizingitini. Ndiyo, lenzi ipo, akasema mtu wa upande wa pili, lakini ameitunza makusudi na hawezi kuiuza, kwa sababu kuna mzee mmoja Mombasa amemwekea mwili wake tangu kabla ya Ramadhani, na yeye anakuja kuuchukua Ijumaa. Nikamuuliza anatokea wapi. Malindi, akasema, na fedha taslimu anazo.